Miguu ya Bibi Tausi

Wiki iliyopita Rukia, binti wa marehemu shangazi yangu Zuhura, alipanda vilima vya Goba kuja kunitembelea kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku. Alikuja na doti ya khanga, mfuko wa sukari, na vibua wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti. Aliniamkia kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwake, akauliza afya yangu, akaiuliza tena, kisha akaisifu nyumba yangu ambayo bado haina dari. Nilipoikunjua ile doti, harufu ya khanga mpya, ile ya wanga na rangi, ikachanganyika na harufu ya samaki, nami nikajua amefuata nini kabla hajafungua mdomo. Katika maisha yangu harufu hizo mbili zikikutana zina maana moja tu: kuna kesi.

Nilikulia Temeke, katika nyumba ya babu yangu. Wenzangu wa rika langu mnazijua nyumba za namna ile: baraza ya saruji mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani kuna jiko, karo na choo ambacho wapangaji wote walikigombania asubuhi. Baba yangu alifariki kabla sijaishika sura yake, mama akaolewa Kilwa, mimi nikabaki kwa Bibi Tausi. Baba ndiye aliyekuwa mtoto pekee wa Bibi. Wale wengine wawili, Baba Mkubwa Shomari na Shangazi Zuhura, babu aliwazaa na mke wa kwanza, aliyekufa wakiwa wadogo. Bibi Tausi ndiye aliyewalea. Aliwaogesha, aliwatoa funza, alikesha nao wakiumwa surua. Walipokuwa watu wazima walimwita "mke wa baba", kwa sauti ile ile ambayo mtu humtajia fundi kwamba kuna bomba linavuja.

Babu aliniita "mke wangu", kama mababu wote wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na Bibi kwa utani huo huo aliniita "mke mwenzangu". Babu alipougua, kazi yangu ilikuwa kumpelekea maji. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni. Nilikiinua mpaka mdomoni mwake, naye alikunywa akitetemeka, kisha akasema maneno marefu ambayo mengine niliyaelewa na mengine sikuyaelewa. Homa ilikuwa ikimpanda na kushuka. Baba Mkubwa alikaa Mikocheni na alikuja alipopata nafasi, na nafasi alikuwa haipati. Shangazi alikaa Manzese, mumewe akiuza vipuri vya magari. Alikuja mchana mmoja na machungwa, akakaa kitandani, akalia, akala mawili, akaondoka.

Baada ya arobaini walikutana ukumbini kugawana. Sheikh wa mtaani akaeleza mafungu: mjane ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na inayobaki mtoto wa kiume huchukua mara mbili ya wa kike. Mimi sikuwa na kitu, kwa sababu baba yangu alikufa kabla ya baba yake. Sheikh alilisema hilo kwa upole akinitazama, na mimi, nisiyeelewa, nilimtabasamia. Baba Mkubwa akasema nyumba iuzwe. Hapo ndipo Shangazi aliposimama na kutangaza kwamba nyumba si ya kugawanya hata kidogo, kwa kuwa marehemu alimpa yeye. Ni hiba. Alimpa mchana ule, kwa kinywa chake, akiwa kitandani.

"Alikupa saa ngapi?" akauliza Baba Mkubwa. "Ulipokuwa unamenya chungwa la kwanza au la pili?"

"Wewe hukuwepo, kaka. Ungekuwepo ungesikia."

"Nani alisikia?"

"Mke wa baba alikuwepo. Muulize."

Wote wakamgeukia Bibi Tausi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi wawili wale kumtazama usoni. Bibi alikuwa ameketi mkekani, amevaa nguo za eda. Akashika magoti yake yote mawili akasema, "Jamani, miguu inaniuma. Niacheni nikalale."

Basi kesi ikaanza katika mahakama ya mwanzo. Baba Mkubwa aliomba kuwa msimamizi wa mirathi, Shangazi akaweka pingamizi, na kila kitu kikasimama juu ya neno moja la shahidi mmoja. Kama Bibi angesema hiba ilitolewa, nyumba yote ingekwenda kwa Shangazi, ambaye tayari alikuwa amemwambia mpangaji mmoja kwamba chumba cha nyuma, yaani chetu, ataweka stoo ya vipuri. Kama Bibi angesema haikutolewa, nyumba ingeuzwa, na thumuni yake isingetosha kujenga hata banda la kuku pale mjini. Kwa njia yoyote Bibi alikuwa anatoka, na mimi nyuma yake. Hayo nayaandika leo kwa mpangilio kwa sababu nimekuwa na muda wa kuyapanga. Elimu yangu ya darasani iliishia darasa la saba. Mengine, pamoja na sheria za mirathi na za ushahidi, nimejisomea jioni nikitoka kazini, ninakotunza stoo. Wakati ule sikujua lolote. Nilichokiona ni kwamba ghafla tulikuwa tunapendwa.

Jumapili ya kwanza alikuja Shangazi na doti ya khanga. Jina la khanga ile lilikuwa la kumsuta jirani mmbea, kwa hiyo nilipokua nilielewa kwamba aliinunua bila kuisoma. Alikuja pia na samaki. Jumapili iliyofuata akaja Baba Mkubwa na mchele, na godoro jipya lililofungwa kamba juu ya gari. Shangazi alipoliona lile godoro, Jumapili yake akaleta fundi wa kupiga lipu chooni. Baba Mkubwa alipoiona lipu, akaleta mabati akaezeka upya sehemu ya paa iliyo juu ya chumba cha Bibi, hiyo tu, akaacha vyumba vya wapangaji vikivuja kama zamani. Mwaka ule nilikula samaki aina ya changu zaidi ya watoto wote wa mtaa. Nilishonewa gauni mbili za Idi, moja kutoka kila upande, na Bibi akanivalisha moja asubuhi na nyingine jioni ili amani iwepo.

Siku nyingine walikutana mlangoni. Siku hizo nilizipenda zaidi, maana walikuwa wakiongea kwa sauti na mimi nilidhani ni furaha.

"Ah, kaka Shomari! Leo umekumbuka njia ya Temeke? Au umepotea, unatafuta stendi?"

"Njia hii naijua tangu hujazaliwa. Wewe nd'o uliijua siku ya machungwa."

"Mie mtoto wa kike, nimemletea mama samaki."

"Tangu lini ni mama? Mwezi jana alikuwa mke wa baba."

Mama Chausiku, mpangaji wa chumba kinachotazamana na chetu, alikuwa akikaanga vitumbua uani. Alisikia yote na kucheka mpaka akazima moto kwa machozi, kama alivyopenda kusema mwenyewe. "Bibi Tausi," alimwita, "hebu tuazime hiyo kesi wiki moja na sie tule changu!"

Chuoni nilikojifunza Kurani niliwaambia wenzangu, "Sie kwetu tuna kesi," kama mwingine anavyosema kwao wana televisheni. Nilimwomba Mungu kwa dhati asiiache iishe. Nilikuwa nimeielewa kesi kuwa ni aina ya sherehe ndefu ambayo ndugu hushindana kuonyeshana nani anampenda mzee wao zaidi, na hakimu yupo ili mwishoni amtaje mshindi.

Lakini furaha yangu ilikuwa na dosari moja, nayo ni miguu ya Bibi. Mjumbe wa nyumba kumi alipoleta wito wa mahakama, miguu ilianza. Asubuhi ya kesi Bibi hakuweza kushuka kitandani. "Mke mwenzangu, nichue," aliniambia, nami nikachukua ile dawa ya kuchua inayowasha macho, nikachua kuanzia kwenye goti mpaka kifundoni, nikisoma sura zote fupi nilizozijua. Shangazi alikuja kumchukua, akamkuta amefumba macho. Baba Mkubwa alikuja na gari, akamkuta anaugulia. Kesi ikaahirishwa. Kesho yake miguu ikapata nafuu. Wito mwingine ukaja, miguu ikarudi. Nilimwogopea sana. Nilidhani ni ugonjwa unaoletwa na karatasi, kwa hiyo siku moja nilimwona mjumbe anakuja, nikakimbilia mlangoni nikamwambia Bibi amehamia Mbagala.

Mjumbe alicheka, akampa Bibi karatasi yake. Bibi naye alicheka, nikashangaa mgonjwa anacheka nini.

Mwishowe mahakama ilichoka, ikaamua kama shahidi hawezi kuifuata, yenyewe itamfuata. Siku hiyo nimeihifadhi yote. Shangazi alifika mapema na makochi ya kuazima yenye vitambaa vya kufuma. Baba Mkubwa alileta viti vya chuma vya kukunja. Kila mmoja alitaka hakimu akalie viti vyake, wakaanza kuvutana ukumbini, kochi linakwenda mbele, kiti kinarudi nyuma, mpaka mguu wa kochi ukavunjika. Mwenye kochi, jirani, alikuwa akitazama dirishani, akapiga yowe. Hakimu alipoingia, mtu mwembamba aliyebeba koti lake mkononi, akiwa na washauri wake wawili wa mahakama na karani, aliwatazama watu wazima wawili wanaotokwa jasho, akarudi nje akaketi kwenye baraza ya saruji, kitu pekee katika nyumba ile ambacho hakuna aliyekileta. "Mleteni mama hapa," akasema.

Bibi aliletwa kwa kushikwa huku na huku, Shangazi kulia, Baba Mkubwa kushoto, kila mmoja akijitahidi kuonekana ndiye anayebeba uzito. Aliapishwa. Nilikaa miguuni pake na chupa yangu ya dawa.

"Mama," hakimu akasema, "ulikuwepo marehemu alipoongea na binti yake Zuhura kuhusu nyumba hii?"

"Nilikuwepo, mheshimiwa."

"Alisemaje?"

"Alisema, nyumba hii nimekupa."

Shangazi akapiga kigelegele. Hakimu akainua mkono, kigelegele kikakatika kooni. Baba Mkubwa alikuwa ameweka mikono kiunoni, uso umemvimba.

"Kwa hiyo alimpa," akasema hakimu.

"Alimpa, mheshimiwa. Na Shomari naye alipokuja wiki ile, alimpa. Nilikuwepo pia."

"Umeona!" akasema Baba Mkubwa. "Kumbe nami nilipewa!" Hilo alikuwa halijui. Siku aliyokuja alikaa mlangoni, akitazama saa, hakusikia mzee amesema nini. Sasa akaliokota papo hapo kama mtu aliyekuta sarafu njiani.

"Na Mama Chausiku alipomletea uji, akampa," Bibi akaendelea bila kubadilisha sauti. "Akaja kijana wa kuziba mabomba, akampa. Homa ilikuwa imempanda kichwani, mheshimiwa. Kila aliyemsogezea kikombe, alimpa nyumba."

Mmoja wa washauri akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Hakimu akauliza, kwa upole, "Na kikombe hicho, kwa kawaida, alikuwa anamsogezea nani?"

"Mie," akasema Bibi. "Mie na huyu mtoto. Hawa wengine walikuwa wageni."

Nilisubiri aseme neno la kutuombea. Hakusema. Alijibu aliloulizwa, akaomba arudishwe kitandani.

Uamuzi ukatoka baada ya muda: hiba haikuthibitika, Baba Mkubwa awe msimamizi, nyumba iuzwe, kila mtu apate fungu lake. Baba Mkubwa alishangilia kama mtu aliyepewa tuzo kwa kazi aliyoifanya.

Jumapili iliyofuata nilifagia uwanja mapema, nikaosha lile sinia kubwa la samaki, nikakaa nalo barazani. Jua likapanda. Gari lilipopita nilisimama kulitazama, na lililofuata pia. Mchana Mama Chausiku alinipa vitumbua viwili, akanipapasa kichwa bila utani wowote. Hakuja mtu. Wala Jumapili ya pili. Kisha asubuhi moja nikamwona Bibi amejitanda khanga, kashika kikapu, anatoka kwenda sokoni Tandika kwa mwendo ambao ilibidi niukimbilie.

"Bibi! Miguu je?"

"Imepona."

"Imepona lini?"

"Mke mwenzangu," alisema bila kusimama, "sasa hivi iume kwa faida ya nani?"

Nilisimama katikati ya njia. Nadhani utoto wangu ulipungua pale kwa kiasi ambacho ningeweza kukipima. Niliyaona yote kwa pamoja: godoro, lipu, mabati, gauni mbili. Nilipotazama nyuma kuhesabu ni nani aliyetupenda, hesabu ilikuwa fupi sana. Sikuwachukia. Kumchukia mtu ni kumpa uzito, na wale wawili nilipowaweka kwenye mizani hawakuusogeza mshale. Niliona tu aibu kwamba nilikuwa nimewaombea dua.

Baba Mkubwa alianza kuja na madalali. Walipita vyumbani bila hodi, wakagonga kuta kwa vifundo vya vidole, wakamruka Bibi mkekani. Mmoja akamuuliza Baba Mkubwa, "Na huyu bibi anauzwa na nyumba?" Baba Mkubwa akacheka. Akacheka kweli, mtu aliyebebwa utotoni kwenye mgongo wa bibi huyo huyo. Bibi alianza kufunga vitu vyake katika sanduku la bati, kidogo kidogo, akianza na vile ambavyo hakuvihitaji kila siku. Kikombe cha buluu alikifunga cha mwisho.

Ndipo jioni moja Shangazi akatokea na kijana aliyeshika kopo la rangi nyekundu na brashi. Bila salamu akamwonyesha ukuta wa mbele. Kijana akaandika, kwa herufi kubwa zilizokuwa zikitiririka: NYUMBA HII HAIUZWI. Nilikuwa nimejifunza kusoma, nikazisoma herufi moja moja. Pamoja na yote niliyoyajua, nikarudia ujinga wangu kwa mara ya mwisho: nilidhani ni ahadi, na kwamba ametuandikia sisi. Nikaenda kumbusu mkono. Shangazi akauvuta haraka. "Angalia, utanitia rangi," akasema.

Alikuwa amekata rufaa mahakama ya wilaya, akiomba shahidi asikilizwe upya. Alimwambia Bibi hivyo kupitia dirishani, akaongeza kwamba Jumapili atapita na samaki.

Bibi aliitikia vizuri. Kisha akainuka kwenda kufungua sanduku lake la bati, na kati ya mkeka na mlango niliona ameanza kuburuta mguu wa kulia.

Aliishi hivyo mpaka mwisho wake. Rufaa ilizaa rufaa, kila hakimu aliyehamishwa alitupa miezi, na kila mmoja wa ndugu wale wawili alikuwa radhi nyumba ioze kuliko mwenzake apate kizingiti. Bibi Tausi alifia katika chumba chake, juu ya godoro la Baba Mkubwa, chini ya bati lisilovuja, na Mama Chausiku ndiye aliyemwosha. Msibani ndugu wale walibishana mbele ya jeneza kama itangazwe msiba uko nyumbani kwa Shomari au nyumbani kwa Zuhura. Nimesikia watu wakisema chuki haijengi. Ya kwao ilitulindia paa, na ndilo jambo pekee la maana ambalo wawili wale walilifanya, na walilifanya bila kukusudia.

Wote wawili sasa ni marehemu. Watoto wao wamerithi kesi, kitu pekee walichokubali kurithi kwa pamoja. Yale maandishi mekundu yamepauka lakini yanasomeka. Chumba cha Bibi anakaa Mama Chausiku, mzee sasa, haoni vizuri, halipi kodi kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha ni nani wa kulipwa.

"Dada," akasema Rukia wiki iliyopita, akiwa amekalia ukingo wa kochi langu, "wewe nd'o umebaki. Ulikuwepo chumbani. Wakili anasema ukija kusema ulimsikia babu akimpa mama, tunamaliza. Yule mama mpangaji tumtoe, tuvunje, tujenge fremu za maduka."

Nilimsikia babu, ni kweli. Alimpa Shangazi. Mimi mwenyewe alinipa nyumba ile mara nyingi, kila kikombe kilipofika nusu. Nilikuwa nikimjibu, "Ahsante, babu," kisha nakimbia kwenda kucheza rede.

Nilimtazama Rukia vizuri. Ana pua ya mama yake. Niliifunga ile doti ya khanga, nikaiweka pembeni, nikanyoosha mguu wa kulia juu ya stuli taratibu, nikashika goti.

"Ningekuja, mdogo wangu," nikamwambia. "Ila siku hizi miguu."

Akanihurumia sana. Akasema Jumapili ataniletea dawa ya kuchua.